Kabla ya Kumchora Adui, Fuateni Bomba

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Likoni na nasimamia klabu ya mazingira. Watoto tisa wa gredi ya tano na ya sita wametunga hadithi ya picha. Mwanaidi, Katana na Kombo wamepata nguvu kutoka kwa pete ya ajabu, nao wanalinda msitu wa mvua dhidi ya Daktari Msumeno na roboti lake linalokata miti mia kwa dakika. Wanasaidiwa na gorila anayezungumza, simba na jagwa. Ni kurasa nane, tunazikunja wenyewe na kupiga fotokopi. Wenzao wakipewa huanza kwa kicheko, lakini wakifika ukurasa wa nne wanaweka chini. Tumekosea wapi? Na je, tuuache msitu wa mvua tuchore wa kwetu?

JIBU: Mwalimu, kurasa zenu nane nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwenye feri huku upepo ukitaka kuninyang'anya. Kwanza nikwambie kilichonifurahisha. Ukurasa wa pili Kombo anaanguka kutoka mtini, na kandambili yake moja inabaki juu, imening'inia kwenye tawi. Hakuna neno hata moja pale. Mtoto aliyechora kisanduku kile cha picha msimpoteze, maana amekiona kitu kwa macho yake, hakukiazima kwenye televisheni. Shida ni kwamba kandambili ile ndiyo kitu pekee katika kurasa zote nane ambacho ningeweza kukutana nacho njiani.

Vilivyobaki ni vya kuazima. Msitu ni pazia la kijani lililotundikwa nyuma ya watu, na adui ni sanamu la bati. Hapo ndipo msomaji anapochokea, wala si kwenye michoro.

Nianze na wanyama, kwa sababu ndio walioniumbua mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita shirika moja liliniagiza bango la misitu la kutundikwa shuleni. Nikachora miti mirefu, kamba za mwitu zikining'inia, na katikati, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilipenda kuchora manyoya ya shingo, nikamweka simba dume. Likachapishwa. Nilipolipeleka shule moja ya Kwale, msichana wa darasa la tatu alilitazama kitambo kisha akauliza, "Huyu amepotea?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikacheka nao, lakini masikio yaliwaka moto. Simba ni wa nyika, penye nyasi na swala wa kukimbiza. Jagwa, yule paka mkubwa afananaye na chui, ni wa Amerika. Gorila ni wa misitu ya Kongo na majirani zake. Ninyi mmewakalisha watatu hao chini ya mti mmoja bila hata kutuambia nani aliwalipia nauli.

Msitu wa mvua wenyewe una tabia zake, na tabia hizo zingewapa nusu ya hadithi bure. Sehemu kubwa ya Amazon hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu maradufu ya tunayopata sisi Mombasa. Miti hushindania jua, basi majani yote hukimbilia juu yakashikana kama paa la makuti, na mwanga unaofika chini ni asilimia 1 au 2 tu. Watoto wenu wamechora msitu uliowaka kama uwanja wa mpira saa nane mchana. Hapa Kenya msitu wa aina hiyo ni Kakamega, kipande cha mashariki kabisa cha msitu ule mkubwa wa Kongo na Afrika Magharibi. Ukiingia mle jua la utosi unavua miwani ya jua bila kuambiwa na mtu. Na wanyama huwaoni, unawasikia. Hondohondo anapita juu, mabawa yakivuma kama mtu anakung'uta mkeka, nawe huku chini huoni hata unyoya. Huyo asiyeonekana ndiye wa kumchora: kisanduku cheusi, upenyo mdogo mweupe kwa juu, na sauti.

Halafu visanduku vyenu vyote ni vya mlalo, kama madirisha ya matatu. Msitu umesimama wima. Jaribuni kisanduku kimoja kirefu kinachoshuka ukurasa mzima, mtoto mdogo kama punje ya mchele chini kabisa, shina likipanda mpaka litoke nje ya karatasi. Mkifanya hivyo hamtahitaji kuandika "msitu ulikuwa mkubwa sana".

Sasa swali lako la pili. Nasema uacheni kwa sasa. Amazon inatuhusu, hilo sipingi. Lakini watoto tisa wa Likoni hawajaikanyaga, na mtu akichora asichokijua huchora alichokiona kimechorwa na mwingine. Ninyi mnao Shimba Hills, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini. Kwa kipimo cha mvua si msitu wa mvua kamili, mtaalamu wa mimea atawasahihisha mkiuita hivyo na mimi nitasimama upande wake. Lakini una tembo. Una mivule. Una palahala, aina ya swala wakubwa, ambao Kenya nzima hawapatikani porini kwingine. Kisha una maji, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Chemchemi ya Marere iko katika vilima vile, na ni moja ya vyanzo vya maji ya Mombasa. Kwa hiyo hadithi isianzie msituni, ianzie Likoni. Kisanduku cha kwanza: bomba la uani, chini yake mtungi wa njano wa lita ishirini, mtupu. Cha pili: tone moja, limekataa kudondoka. Cha tatu: Mwanaidi amekalia ndoo iliyopinduliwa, shavu mkononi, na nyuma yake mkokoteni wa muuza maji unapita, bei imeandikwa kwa chaki. Msomaji wenu anaijua hali hiyo kuliko mimi na wewe. Kisha Katana anauliza swali ambalo watu wazima walishaacha kuliuliza: "Hili bomba linaanzia wapi?" Wanalifuata. Bomba linawatoa Likoni, linapanda nao Kwale, linawaingiza msituni, na msomaji anafika pale akiujua msitu kwa kazi yake kabla ya kuusifu kwa uzuri wake. Mvua ikinyesha kwenye msitu, udongo huinyonya na kuiachia polepole chini kwa chini. Uondoe msitu, mvua ile ile itateremka kwa pupa na kubeba udongo, na chemchemi itabaki kungoja msimu mwingine.

(Kwa haki, bomba la mjini hukauka kwa sababu nyingi, yakiwemo mabomba yaliyochoka na watu walioongezeka. Mwekeeni mzee mmoja kibarazani aliseme hilo huku anakunywa kahawa, halafu watoto waendelee na safari.)

Tumfikie adui. Daktari Msumeno anakata miti mia kwa dakika. Kwa nini? Nimepekua kurasa zote, hauzi mbao, hajengi, hadaiwi. Anacheka "ha ha ha" ukurasa wa kwanza na "ha ha ha" ukurasa wa sita. Mtu asiye na haja hana hila, na asiye na hila hamtishi mtoto wa miaka kumi na moja.

Mti ukikatwa, pana mnunuzi. Mfuateni huyo. Muhuhu wa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi ulipungua sana kwa sababu ulikuwa mti mzuri wa kuchonga vinyago, na vinyago vilinunuliwa na watalii waliovibeba kwenda kwao wakidhani wameipenda Afrika. Mchongaji hakuwa jambazi, alikuwa na watoto wa kulisha. Baadaye wachongaji walihimizwa kuhamia mwarobaini, mti unaoota hata pale usipoutaka, na katika kubadilisha huko hakuna aliyepigwa ngumi. Au chukueni makaa. Gunia linaloshushwa usiku liliishia jiko la nani? Likiishia jikoni kwa bibi yake Kombo, mwalimu, hapo hadithi imeanza kuuma. Kombo amekimbia msitu mzima kumtafuta adui, anarudi nyumbani na njaa, anafunua sufuria, na chini ya sufuria anaona kaa jekundu. Kisanduku hicho kisiwe na maneno.

Yule mwenye msumeno msituni mfanyeni kibarua anayelipwa kwa siku. Mpeni jina, mpeni viatu vilivyotoboka. Daktari Msumeno mwenyewe asiushike msumeno kamwe. Mvalisheni shati lililopigwa pasi, mpeni simu mbili na faili. Ndani ya faili mna karatasi yenye muhuri. Watoto wa Pwani wamekua wakisikia mashamba na viwanja vikinyakuliwa kwa karatasi za namna hiyo, basi faili lile litawatisha kuliko roboti lenye misumeno hamsini. Roboti hata mtoto wa chekechea anajua ni la uongo.

Na mkitaka adui wa hila zaidi, yuko katika historia yetu. Kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyotapakaa pwani hii, baadhi yake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Nyingine ni ndogo, mtu anaweza kuizunguka asubuhi moja, lakini zimesimama mpaka leo kwa sababu watu waliziheshimu. Niliwahi kwenda Kaya Kinondo, karibu na Diani, na daftari langu la kuchorea. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Nilikuwa nimeinama kuchora mzizi, nikaokota jani kavu nililinganishe na mchoro, na bila kufikiri nikalitia katikati ya kurasa. Mzee aliyetuongoza hakupandisha sauti. Alisimama tu, akalitazama daftari, mpaka nikalitoa jani na kulirudisha pale pale lilipokuwa. Jani kavu! Tangu siku ile nikichora msitu mkono wangu huwa na adabu kidogo.

Sasa sikiliza wizi wenyewe. Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, husimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, kuwakumbuka wazee wao mashuhuri waliofariki. Vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikavuka bahari mpaka majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya, na vingine vimefuata baadaye. Mwizi wa aina hiyo hakati hata tawi. Lakini akishamnunua kijana mmoja wa kijijini mwenye shida ya pesa, kigango kikaondoka na hakuna lililompata, wenzake wanaanza kujiuliza kama yale makatazo ya wazee yalikuwa na maana yoyote. Kesho wataingia na shoka. Hiyo ni njama ya kurasa nane, tena inatosha kumi na sita. Ila msichore kigango wala kaya kabla hamjawauliza wazee wenyewe, na kuuliza huko kuwekeni ndani ya hadithi: Katana, ambaye babu yake ni wa huko, ndiye wa kutangulia mbele, akivua kofia.

Pete ya ajabu? Mwacheni Kombo aivae, halafu ife mwisho wa ukurasa wa tatu. Sichagui ukurasa huo kwa kubahatisha. Karatasi mbili za A4 zikikunjwa hutoa kurasa nane, na msomaji hufunua baada ya ukurasa wa kwanza, wa tatu, wa tano na wa saba. Hayo ndiyo malango yenu manne. Ninyi roboti mmelipiga likashindwa kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa tatu, watu wakashangilia. Kwa nini mtoto afunue? Kwake hadithi imekwisha, na akifunua anakuta roboti lile lile limerudi. Wekeni pale pete inayofifia huku sauti ya msumeno inakaribia, tuone nani ataiweka chini.

Pete ikishakufa, watoto wanabaki na walichozaliwa nacho. Kombo hupanda miti. Katana anazungumza lugha ya babu yake. Mwanaidi ana masikio. Na mahali pa gorila mwekeni sange, mnyama mdogo wa msituni. Yule mwenye kiuno cha dhahabu ni wa Arabuko-Sokoke, msimsafirishe, lakini Shimba kuna ndugu zake. Ana pua ndefu inayochezacheza, watu humwita panya, ilhali kinasaba yuko karibu zaidi na tembo. Yule wa Arabuko akihisi hatari hupiga mkia kwenye majani makavu, ta-ta-ta, kama fundi cherehani aliyekasirika. Mnyama asiyezungumza lakini anatoa ishara atawafaa kuliko gorila anayehutubia.

Kuhusu pambano la mwisho nitakuwa mkali kidogo. Mmechora watoto watatu wakimrukia mtu mwenye bunduki. Msifanye hivyo. Wasomaji wenu wana umri ule ule, na misitu ina watu wenye bunduki kweli. Kule Brazili, jimbo la Acre, wagema utomvu wa mpira wakiongozwa na Chico Mendes walikuwa na njia yao: wake kwa waume wakienda kwa wingi mpaka pale panapokatwa miti, wakasimama mbele ya wakataji, wakazungumza nao mpaka waweke misumeno chini. Mara nyingi wakataji wenyewe walikuwa maskini kama wao. Njia hiyo iliokoa misitu mingi, na hata hivyo Mendes aliuawa kwa risasi nyumbani kwake tarehe 22 Desemba 1988. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche katika msitu wa Karura, Nairobi, wakashambuliwa na wahuni wakajeruhiwa. Hao walikuwa watu wazima waliojua wanachokiendea. Watoto wenu waone, wasikilize, waandike nambari ya lori, wakimbie kuwaita askari wa misitu na watu wa kijiji. Kazi ya kusimama mbele ya msumeno iwe ya wakubwa, na Katana awe nyuma yao, akimwita yule kibarua kwa jina lake. Kibarua anageuka. Anazima mashine. Msitu unanyamaza jii. Hilo ndilo pambano. Daktari Msumeno abaki na faili lake mpaka wakubwa wamfikishe mahakamani, kama walivyofanya Wawaorani, wenyeji wa msitu wa Amazon kule Ecuador, mwaka 2019, waliposhinda kesi iliyozuia ardhi yao ya msituni isipigwe mnada kwa wachimba mafuta. Mahakama haichoreki vizuri, najua, kwa hiyo mpeni kisanduku kimoja: muhuri ukishuka juu ya muhuri.

Lugha. Roboti lenu linaanguka "BOOM", Kombo anaanguka "CRASH". Nani anaanguka hivyo huku kwetu? Akianguka mchangani ni tifu! Majini, chubwi! Matopeni, tapwi! Giza ni totoro. Tanakali hizi mmezifundisha darasani kwa ajili ya mtihani, zitoeni sasa zifanye kazi, herufi kubwa kama mlango, ziingie hata nyuma ya miguu ya mtu. Na kumbukeni Kiswahili hupenda nafasi: "wanaotukimbiza" ni neno moja, lakini linakula upana wa kichwa na mabega. Andikeni maneno kwanza, mchore puto la maneno kuyazunguka, kisha ndiyo mtu. Ninyi mmefanya kinyume, ndiyo maana Mwanaidi ukurasa wa tano anazungumza kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Wino mweusi, si penseli wala kalamu ya buluu, fotokopi huvimeza vyote viwili. Acheni sentimita moja ukingoni.

Umebaki ukurasa wa nane, ambapo pete inarudisha msitu wote kwa kufumba na kufumbua. Nimesikitika kidogo hapo, kwa sababu mnaishi ng'ambo tu ya mahali penye kisa kizuri zaidi. Machimbo ya mawe ya saruji kule Bamburi yalikuwa jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti juu ya jiwe tupu, na mingi ya aina alizojaribu ikafa. Mivinje ikashika. Lakini vijani vyake vilianguka vikalala vile vile bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Wakaletwa majongoo. Wakavila, wakatoa mbolea, na mwaka hadi mwaka udongo ukapatikana, kisha miti mingine, kisha ndege. Leo watoto wa shule hupelekwa pale kutazama twiga na viboko, wakipita juu ya kazi ya majongoo bila kutazama chini.

Kwa hiyo mwisho wenu usiwe msitu uliorudi. Uwe uani kule kule Likoni, bomba lile lile, mtungi ule ule wa njano umefika robo. Mwanaidi amepanda mche mmoja kando yake, haufiki hata gotini. Na chini, kwenye unyevu, jongoo mmoja anapita. Abaki chini hapo hapo, mwalimu. Msimpandishe mtungini, wazazi wataanza kucheka, na nyinyi mtashindwa kuwaeleza watoto kwa nini.